Rasta Zimekula Nywele Zako? Zinaweza Kurudi

Mwezi huu nataka tuongee jambo ambalo sisi akina dada tunalificha chini ya kitambaa. Nalo ni kunyonyoka kwa nywele baada ya kusuka rasta, au meshi kama wengi wetu kutoka Kongo tunavyoziita.

Nianze na mimi mwenyewe. Mwaka jana, wiki moja kabla ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, nilisuka rasta ndogondogo. Pesa niliipata kwa kuuza sehemu ya unga wa posho. Mama alinung'unika, mimi nikakaza shingo. Nilikaa chini ya mwembe tangu asubuhi mpaka jioni. Usiku sikulala, kichwa kinawaka moto, hata ngozi ya macho imevutwa juu. Jirani akaniambia, "Vumilia, urembo ni kazi." Siku ya tatu vipele vyenye usaha vikatoka kwenye paji. Nikavumilia tena, miezi mitatu nzima, maana niliona uchungu kufumua pesa yangu. Nilipofumua, juu ya masikio palikuwa peupe. Nikawa nafundisha nimefunga kitambaa, mpaka mtoto mmoja wa darasa la tatu akaniuliza, "Mwalimu, unaumwa?" Jamani, niliona aibu.

KWA NINI ZINANYONYOKA

Kila unywele umeota ndani ya kishimo kidogo kwenye ngozi, kama mche wa mchicha kwenye udongo. Ukiuvuta mara moja hauna shida. Lakini ukivutwa usiku na mchana, wiki nyingi, shina linavimba na unywele unang'oka. Ukiendelea hivyo miaka, kishimo kinageuka kovu na hapo hapaoti kitu tena. Pembeni na kwenye paji ndiko kunaanza, kwa sababu nywele za huko ni nyembamba. Nywele zilizotiwa dawa ya kunyoosha ndizo zinazoharibika upesi zaidi.

Tena si shida ya Waafrika peke yetu. Mwaka 1907 daktari mmoja aliandika habari za wanawake wa Greenland, nchi ya barafu, waliopoteza nywele kwa kuzifunga na kuzikaza sana kichwani. Kwa hiyo si uchawi, si jicho baya, wala si maji ya bomba letu kama watu wanavyosema.

TUFANYE HESABU KIDOGO

Mimi ni mwalimu, mnisamehe. Mtu mzima hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kila siku, ni kawaida. Ukikaa na rasta wiki 6, yaani siku 42, nywele zilizokufa zinabaki zimekwama humo ndani. Mara 50 ni 2,100. Mara 100 ni 4,200. Basi siku ya kufumua ukiona bonge la nywele, usilie kwanza. Angalia ngozi. Kama hakuna sehemu iliyobaki wazi, uko salama.

Hesabu nyingine: nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi. Hakuna mafuta yatakayokupa sentimita 5 kwa wiki mbili, hata muuzaji aape vipi.

UFANYE NINI

1. Fumua mapema. Rasta zisizidi wiki 6 mpaka 8. Kama zinauma leo, fumua leo. Maumivu ndiyo kengele.

2. Pumzisha kichwa miezi kadhaa. Usisuke, usifunge kwa mpira, usitie dawa ya kunyoosha. Wengine hunyoa na kuanza upya. Kunyoa hakuongezi nguvu ya shina, ila kunaondoa ncha zilizokatika na kupunguza kazi.

3. Osha ngozi ya kichwa kila wiki moja au mbili. Najua maji ni ya foleni. Ndoo ndogo inatosha: sabuni kidogo, sugua kwa ncha za vidole, si kwa kucha, kisha suuza vizuri.

4. Paka mafuta kidogo nywele zikiwa na unyevu. Mafuta ya mise yanafaa, ya nazi pia. Yanazuia nywele kukauka na kukatika, ila hayafufui shina lililokufa. Mafuta ya taa usithubutu, yanaunguza ngozi.

5. Chana kwa chanuo la meno mapana, ukianzia kwenye ncha.

6. Kula unachoweza. Maharage, dagaa, sombe, lengalenga, matembele. Nywele nazo zinakula kutoka kwenye sahani yako.

WAKATI WA KWENDA ZAHANATI

Usingoje ukiona vidonda vyenye usaha, au sehemu inayong'aa bila hata vitundu vya nywele. Mtoto mwenye mabaka ya duara yenye magamba huenda ana mapunye. Hayo yanaambukiza kwa chanuo na wembe, na yanahitaji vidonge, kupaka peke yake hakutoshi. Mama aliyejifungua akiona nywele zinatoka kichwa kizima mwezi wa tatu hivi, asiogope, mara nyingi zinarudi zenyewe. Hata baada ya homa kali inatokea hivyo.

NA MSUSI WETU JE?

Nilimfuata dada aliyenisuka, si kwa ugomvi. Nikamwonyesha kichwa. Akanyamaza, halafu akasema, "Mwalimu, nikisuka bila kukaza, mteja anasema nimemwibia. Anataka zikae miezi mitatu. Mimi nina watoto wanne."

Kusema kweli sikuwa na jibu. Ni sisi wateja tunaodai kukazwa, kwa sababu pesa yetu ni ya shida. Tukakubaliana hivi: yeye atauliza "inauma?" na mteja aseme ukweli. Asuke rasta kubwa, chache, na nywele za pembeni aziache nje. Watoto awasuke kwa nywele zao wenyewe, twende kilioni au mabutu, bila kuongeza kitu. Rasta zilizo nzima zioshwe na sabuni, zitumike tena na mwenyewe. Hapo mteja hapotezi, na msusi anapata kazi yake mara mbili.

Akina mama, binti akilia wakati wa kusukwa msimpige kofi la "tulia." Anawaambia kitu cha kweli.

Mimi nilikaa miezi mitatu bila kuona chochote. Mwezi wa nne vikatokea vinywele laini kama vya mtoto mchanga. Leo vimefika urefu wa vidole viwili, na kitambaa nimekivua. Kuna sehemu moja, ukubwa wa ukucha, bado inang'aa. Pengine hiyo nimeipoteza moja kwa moja. Ndiyo maana nimeandika, ili wewe usiipoteze yako.