Kasongo na Kabambare: mashini ya mpunga ikikosa nguvu, angalia supape kabla ya kununua pistoni

Kusini mwa Maniema, mpunga ukishavunwa, kazi inayofuata ni kukoboa. Katika senta nyingi za Kasongo na Kabambare kazi hiyo inafanywa na mashini inayozungushwa na moteri ya mazutu ya silinda moja, ya kulala. Moteri kama hizo, mfano S195 yenye nguvu za farasi 12, ndizo pia zinazofungwa kwenye trakta ndogo za mkono. Ikisimama, wamama wanarudi kwenye kinu na mchi, ama wanabeba magunia mpaka kijiji kingine.

Mara nyingi mwenye mashini anaambiwa: "Pistoni imekwisha, segma zimekufa." Anatoa pesa, anangoja vipuri vitoke Kindu, Bukavu ama Uvira. Vinafungwa, na mashini bado iko ile ile. Kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye supape, na pengine dawa yake ilikuwa tu kuzungusha skrubu kidogo.

Supape zinafanya nini

Moteri hii ina supape mbili: moja inaingiza hewa, nyingine inatoa moshi. Moteri ya mazutu haina buji. Hewa inabanwa mpaka inapata moto mkali, halafu mazutu yakirushwa ndani yanawaka yenyewe. Supape isipofunga vizuri, hewa inatoroka, moto haupatikani. Moteri ikizunguka mara 2000 kwa dakika, kila supape inafunguka na kufunga mara 1000. Ndiyo maana inalika polepole hata kama fundi ni mzuri.

Namna ya kujua ugonjwa uko wapi

Kwanza ondoa mambo mepesi: mazutu yenye maji, filtri iliyoziba, hewa ndani ya bomba la mazutu. Kama hayo yako sawa, funga mazutu, toa mkanda wa mashini, na uzungushe manivele polepole bila kushika ule mkono mdogo wa kupunguza mbano. Moteri yenye afya inakataa na kurudisha mkono. Ikipita laini, hewa iko inatoka mahali. Mtu mmoja azungushe, mwingine asikilize:

- Hewa ikipuliza kwenye filtri ya hewa, supape ya kuingiza haifungi.
- Ikipuliza kwenye bomba la moshi, ni supape ya kutoa.
- Ikitoka kwenye tundu la kupumulia la mafuta, hapo ndipo segma, pistoni ama silinda vinashukiwa.
- Maji ya kupozea yakitoa mapovu, angalia jwenti ya kulasi, ama kulasi yenyewe imepasuka.

Usisahau ule mkono mdogo. Kwenye S195 kazi yake ni kusukuma supape ya kuingiza ibaki wazi wakati wa kuwasha. Ukiwa umepangwa vibaya, unaweza kuishikilia wazi siku zote.

Kupima nafasi

Kati ya supape na mkono unaoisukuma lazima kuwe na nafasi ndogo, kwa sababu chuma kikipata moto kinarefuka. Nafasi ikiwa ndogo sana, supape haifungi moteri ikishapata joto. Moto unapita pembeni na kuchoma ukingo wake. Nafasi ikiwa kubwa sana, moteri inagonga tak-tak-tak, supape inafunguka kidogo, hewa inapungua, moshi unakuwa mweusi.

Pima asubuhi, moteri ikiwa baridi. Toa kifuniko, zungusha gurudumu zito mpaka alama ya pistoni kufika juu. Tikisa mikono miwili inayosukuma supape: yote iwe imelegea. Kama imebana, zungusha mzunguko mmoja mzima, utafika mahali pa kweli. Kisha ingiza kisahani chembamba cha kupimia. Kwa S195 vipimo vya kawaida ni milimita 0.35 upande wa hewa na 0.45 upande wa moshi. Moteri za aina nyingine zina vipimo vyake, basi fuata kitabu chake. Kisahani kipite kwa kukwaruza kidogo. Legeza nati, rekebisha skrubu kwa turnevisi, kaza nati, halafu pima tena, maana nati ikikazwa nafasi inaweza kubadilika.

Nafasi ikiwa sawa na hewa bado inatoka

Hapo kulasi lazima itoke. Angalia resori iliyovunjika, supape iliyopinda, ama masizi yanayoizuia kurudi. Kama ukingo umechomeka kidogo tu, fundi anaweza kuisaga na kitako chake kwa dawa ya kusagia mpaka mstari wa kijivu uzunguke pande zote bila kukatika. Kisha asafishe vizuri sana: dawa ikibaki ndani inakula silinda. Kujaribu ni rahisi. Supape zikishafungwa na resori zake, mimina petroli kwenye njia ya hewa na ya moshi. Ikivuja, kazi haijaisha. Ukingo ukiwa umelika sana ama umepasuka, nunua supape mpya.

Wakati wa kurudisha kulasi, kaza nati kwa msalaba, kidogo kidogo. Moteri ikishafanya kazi na kupoa, zikaze tena na upime nafasi upya.

Kulinda ni bei ndogo

Vumbi la pumba ni adui mkubwa pale penye mashini. Safisha filtri ya hewa mara kwa mara na badilisha mafuta yake. Andika kwenye daftari siku nafasi ilipopimwa. Wenye mashini wa mtaa mmoja wanaweza kuchanga na kununua seti moja ya visahani vya kupimia, ikatumika kwa wote kabla mavuno hayajaanza.