Fahamu: Jinsi kompyuta za mpakani Kasumbalesa zinavyoulizana

Lori la unga wa mahindi linalotoka Zambia kuja Lubumbashi hupita Kasumbalesa, na mzigo wake unahusu ofisi kadhaa: forodha (DGDA), wakaguzi wa bidhaa (OCC), benki. Kila moja ina kompyuta zake. DGDA hutumia Sydonia, programu iliyobuniwa na UNCTAD, chombo cha biashara na maendeleo cha Umoja wa Mataifa.

Zinaelewanaje? Kwa huduma za wavuti. Programu moja hutuma swali mtandaoni kwa muundo uliokubaliwa, kwa mfano XML: ushuru wa mzigo huu umelipwa? Nyingine hujibu, bila kuifungulia ile iliyouliza hifadhidata yake yote. Kujenga mfumo hivyo huitwa usanifu wa huduma. Benki ikibadili programu yake, forodha haiguswi, mradi muundo wa majibu ubaki uleule. Hapo ndipo ubora wake ulipo.

Dirisha moja la biashara ya nje, yaani mfumo wa kuunganisha ofisi hizo, linaloendeshwa na kampuni ya SEGUCE, linahitaji mawasiliano ya aina hiyo. Lakini umeme na intaneti vya uhakika mpakani lazima vitangulie. Vikikatika, swali halijibiwi, na gharama ya kusubiri humwangukia mnunuzi wa unga.