Chipu Hupimwa Kabla ya Kuingia Ghalani

Dira ya maji ya malipo ya kabla huongozwa na chipu ndogo inayohesabu uniti na kuamuru vali kufunga. Chipu ikiwa bandia, kaya iliyokwisha kulipa yaweza kukosa maji. Ndiyo maana vipuri hivyo havipokelewi kwa kuhesabu maboksi pekee.

Kwanza, sampuli hupanguswa kwa asetoni, kwani maandishi yaliyochapwa upya juu ya chipu kuukuu huweza kufutika. Pili, kompyuta husoma namba ya utambulisho. Mathalani, ATmega328P isiyojibu 1E 95 0F si yenyewe. Tatu, kumbukumbu yake ya kilobaiti 32 hujazwa data, kisha husomwa tena.

Isiyofaulu hurejeshwa kwa mzabuni kabla hati ya mapokezi haijasainiwa. Baada ya saini, hasara huwa ya wananchi.