Kijiko Kimoja cha Sukari: Namna Mwili Unavyotengeneza, Kuhifadhi na Kudhibiti Glukosi

Masokoni, katika vituo vya mabasi na kwenye simu za mkononi, hutangazwa unga, majani na vidonge vinavyodaiwa "kuondoa sukari yote mwilini". Madai hayo huwavutia wengi kwa sababu huifanya sukari ya damu ionekane kama uchafu uliotoka nje, ambao ukisafishwa mgonjwa amepona. Ukweli ni kwamba mwili hauwezi kuishi bila sukari. Huipokea kutoka kwenye chakula, huiweka akiba, na inapopungua huitengeneza wenyewe. Katika sura hii tunaeleza kazi hiyo, ili mtumiaji aweze kuyapima madai ya muuzaji kabla ya kutoa fedha yake na kabla ya kuhatarisha maisha yake.

Kiasi kilichomo katika damu

Sukari tunayoizungumzia ni glukosi. Kwa mtu mwenye afya aliyeamka bila kula, kipimo chake huwa kati ya milimoli 3.9 na 5.6 kwa lita moja ya damu. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Hivyo, kipimo cha milimoli 5 kwa lita ni sawa na gramu 4.5 hivi za glukosi katika damu yote, yaani kijiko kimoja cha chai. Ilhali ubongo peke yake hutumia takriban gramu 120 kwa siku. Kijiko hicho kingekwisha ndani ya saa moja tu kama kisingejazwa kila wakati.

Kutoka sahani hadi ini

Ugali, wali, mihogo, ndizi na mkate vina wanga, ambao ni mnyororo mrefu wa molekuli za glukosi zilizoungana. Vimeng'enya vya mate na vya kongosho huukata mnyororo huo, utumbo mwembamba hufyonza glukosi iliyopatikana, na damu huipeleka kwanza kwenye ini. Kwa sababu hiyo, mtu aliyeacha kutia sukari katika chai bado hupata glukosi nyingi kutoka kwenye sahani yake ya ugali.

Akiba inavyowekwa

Glukosi inapopanda baada ya mlo, seli za beta zilizomo ndani ya kongosho huitambua kwa njia ya ajabu lakini rahisi kuifuata. Glukosi huingia ndani ya seli na kuchomwa ili kutoa nishati. Nishati hiyo hufunga vijilango vya potasiamu vilivyo kwenye utando wa seli. Chaji ya umeme ya utando hubadilika, kalsiamu huingia, na seli humwaga homoni ya insulini katika damu. Kwa kawaida, basi, kongosho hutoa insulini kwa kufuata kiasi cha glukosi kilichopo. Tunamwomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa kuwa tutalirudia.

Insulini huiamuru misuli na tishu za mafuta kupokea glukosi kutoka kwenye damu. Vilevile huliamuru ini na misuli kuziunganisha molekuli za glukosi kuwa glikojeni, akiba ambayo mwanasayansi wa Ufaransa, Claude Bernard, aliitenga kutoka kwenye ini mwaka 1857. Ini la mtu mzima huhifadhi takriban gramu 100 za glikojeni, na misuli yote kwa pamoja takriban gramu 400. Glukosi inayozidi mahitaji hayo huweza kugeuzwa kuwa mafuta.

Akiba hizo mbili hazifanyi kazi moja. Ini lina kimeng'enya kiitwacho glukosi-6-fosfatasi, ambacho huiwezesha glukosi kutoka tena na kurudi kwenye damu. Misuli haina kimeng'enya hicho. Akiba yake hutumika humo humo. Ini ndilo linaloulisha mwili mzima mtu anapolala au anapofunga.

Ini linapotengeneza sukari

Glukosi inapoanza kushuka, seli za alfa za kongosho hutoa homoni nyingine, glukagoni. Ini huitikia kwa kuvunja glikojeni yake. Akiba hiyo hukaribia kwisha baada ya takriban siku moja bila chakula. Hata kabla haijaisha, ini huwa limeanza kutengeneza glukosi mpya kutokana na laktati inayotoka kwenye misuli na seli nyekundu za damu, gliseroli inayotoka kwenye mafuta, na amino asidi zinazotoka kwenye protini. Figo nazo husaidia.

Hapa ndipo penye jibu la swali linalowasumbua watu wengi wenye kisukari: "Nimelala bila kula, mbona asubuhi sukari iko juu?" Katika hali ya kawaida insulini hulizuia ini lisitoe glukosi kupita kiasi. Insulini isipotosha, au mwili usipoiitikia vizuri, ini huendelea kutengeneza glukosi ingawa damu tayari inayo ya kutosha. Kwa hiyo kujinyima chakula peke yake si tiba, na kipimo cha juu cha asubuhi si ushahidi kwamba mgonjwa amekula kwa siri.

Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye kongosho lake halitoi insulini, hatari ni kubwa zaidi. Mwili wake huvunja mafuta bila kipimo, ini huyageuza kuwa ketoni, na damu hujaa asidi. Kabla insulini haijagunduliwa mjini Toronto, Kanada, mwaka 1921, ugonjwa huo uliishia katika kifo. Muuzaji anayemshauri mtu wa aina hiyo aache sindano zake anamwelekeza kwenye mauti.

Dawa iliyofichwa

Mwanzoni mwa mwaka 2008, watu 150 wasiokuwa na kisukari walilazwa katika hospitali za Singapore kwa sababu sukari yao ilishuka mno. Wanne kati yao walifariki. Wengi walikutwa na glibenklamidi mwilini, dawa ya kisukari ambayo pia ilikutwa imechanganywa katika bidhaa haramu za kuongeza nguvu za kiume.

Tukirudi kwenye vile vijilango vya potasiamu, sababu itaonekana wazi. Glibenklamidi huvifunga yenyewe, bila kungoja glukosi ipande. Kongosho humwaga insulini hata kama mtu ana njaa. Ini huzuiwa kutoa akiba yake, na ubongo hukosa chakula. Ikitolewa na daktari kwa kipimo sahihi, dawa hii huwasaidia wagonjwa. Ikifichwa ndani ya kidonge kinachouzwa kama mitishamba, mtumiaji hana njia ya kujikinga nayo. Bidhaa inayoshusha sukari kwa kasi ya kushangaza isichukuliwe kuwa imethibitisha ubora wake. Huenda imethibitisha kwamba ina kitu kisichoandikwa.

Tunamshauri mtumiaji

1. Asome lebo yote. Soda yenye gramu 11 za sukari kwa kila mililita 100 humpa anywaye chupa ya mililita 500 jumla ya gramu 55. Shirika la Afya Duniani hushauri sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani takriban gramu 50 kwa anayehitaji kilokalori 2,000. Maneno "haikuongezwa sukari" hayana maana kwamba bidhaa haina sukari wala wanga.

2. Asinunue dawa isiyoonyesha mtengenezaji, viambato, namba ya usajili na tarehe ya mwisho wa matumizi.

3. Asiache wala kupunguza insulini au dawa nyingine bila kumwona mtoa huduma za afya, na amweleze pia mitishamba anayoitumia.

4. Azijue dalili za sukari kushuka: jasho, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Aliye na fahamu na anayeweza kumeza apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu chochote kinywani. Apelekwe hospitali mara moja.

5. Ahifadhi kasha na mabaki ya bidhaa iliyomdhuru, avipeleke hospitali pamoja na mgonjwa, na atoe taarifa kwa mamlaka ya udhibiti. Kidonge kimoja kilichobaki huweza kuiwezesha maabara kutambua kilichofichwa, na bidhaa hiyo ikaondolewa sokoni kabla haijamfikia mwingine.