Mbalamwezi na Mshahara wa Pili
Nahau ya Kiingereza ‘moonlighting’ hutaja tendo la mwajiriwa kushika ajira nyingine, aghalabu usiku na bila mwajiri wake kujua. Kuitafsiri kwa ‘mbalamwezi’ ni kuipotosha: kwa Waswahili mwanga huo ni wa ngoma na hadithi, si wa maficho. ‘Kazi ya pembeni’ inakaribia zaidi, ila haibebi siri. Mwalimu wa Arusha anayelima migomba miteremkoni mwa Meru hamfichi mtu. Siri huja penye katazo. Azimio la Arusha la 1967 lilimzuia kiongozi kupokea mishahara miwili. Azimio la Zanzibar la 1991 likalilegeza sharti hilo. Mfasiri, basi, achunguze kwanza kama mwajiri anajua. Ikiwa hajui, aandike ‘ajira ya pili ya siri’.