Jiwe la Kusagia, Meza ya Kale ya Jikoni Kanda ya Ziwa

Meza ya mbao yenye miguu minne ni mgeni katika majiko ya Mwanza. Kwa karne nyingi kazi za jikoni kando ya Ziwa Viktoria zilifanyiwa chini, mpishi akiwa amekaa kwenye kigoda au amepiga magoti, na mahali pagumu pa kufanyia kazi palikuwa jiwe la kusagia. Mtama na uwele vilitwangwa kinuni, vikapepetwa kwa ungo, ndipo vikafika jiweni kuwa unga wa ugali. Ulezi na muhogo mkavu navyo viliishia hapohapo.

Jiwe hilo ni mawili. La chini ni kubwa, limelazwa kwa mwinamo kidogo kuelekea mbali na msagaji; la mkononi ni dogo, hushikwa kwa mikono miwili na kusukumwa mbele na kurudishwa nyuma. Unga huangukia upande wa chini, juu ya ngozi au ungo. Pwani ya Waswahili hutumika aina nyingine, mawe mawili ya duara ambayo la juu huzungushwa kwa mpini. La duara likionekana Usukumani, yafaa kuuliza lilifikaje.

Malighafi haikuwa shida. Mwanza imejengwa juu ya graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ile ile iliyosimamisha Jiwe la Bismarck pale ziwani. Graniti ina chembe za kwatsi, ambazo ni ngumu, zikiwa zimechanganyika na madini laini zaidi kama maika. Madini laini yanapolika, kwatsi hubaki imechomoza na kuikata nafaka. Hata hivyo jiwe likitumika sana huteleza, na hapo wanawake huligonga kwa jiwe gumu hadi uso ukwaruze tena. Vidonda vidogovidogo vya kugonga huko ni miongoni mwa alama bora za kulitambua, kwa kuwa mvua na jua haviwezi kuviacha kwa mpangilio ule.

Si kila jiwe lenye shimo katikati lilisaga nafaka. Maji ya mvua huchimba mabeseni kwenye miamba, lakini sakafu yake huwa ya kukwaruza na ukingo wake haufuati mpango. Shimo la kusagia ni refu kuliko upana wake na ni laini kuguswa kwa kiganja, likiwa limelika kwa kufuata mkondo mmoja. Mifereji myembamba mara nyingi ni ya kunolea shoka na jembe. Vishimo vya duara vilivyopangwa safu kwa safu huenda ni bao, na wazee waliocheza hapo hawakuwa na haja ya unga.

Jiwe la mkononi ndilo husahaulika. Watu huliokota wakidhani ni kokoto ya ziwani, kumbe limelika bapa upande mmoja au pande mbili, na kingo zake zimepata duara la kushikika.

Swali gumu ni umri. Kina cha shimo hudanganya: jiwe laini lililotumiwa na nyumba ya watu wengi hulika upesi kuliko gumu la mjane mmoja. Kuvu wa mawe akiota ndani ya shimo huonyesha kwamba usagaji umekoma muda mrefu, lakini hasemi ulianza lini. Ushahidi wa maana zaidi umo ardhini, pembeni ya jiwe. Vyungu vya Urewe, ambavyo vingi vina kibonyo kitakoni, vilifinyangwa kuzunguka ziwa hili tangu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Jiwe lililolala katika tabaka moja na vigae vyake lina hadithi tofauti na lililookotwa barabarani. Kwa hiyo jiwe lililohamishwa kupamba bustani ya hoteli limepoteza nusu ya habari zake.

Mashimo yaliyo kwenye mwamba wenyewe hayana hatari hiyo. Kisiwa cha Lolui, upande wa Uganda, kinajulikana kwa wingi wa mashimo ya kusagia pamoja na miamba inayolia kama ngoma. Watu wake walihamishwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa sababu ya malale, mashimo yakabaki.

Nchini Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huhesabu kuwa masalio vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na jiwe la kusagia la umri huo limo. Anayetaka kulinganisha na vyombo vingine vya nyumba za Kisukuma anaweza kwenda Makumbusho ya Bujora, Kisesa, mashariki mwa jiji la Mwanza, yaliyoasisiwa na Padre David Clement.