Maneno ya Mbuzi kwa Anayeanza Kufuga

Ukipita Kibokoni asubuhi utawakuta mbuzi wamekutangulia njiani. Sisi wa Mji wa Kale twawaita wote mbuzi, basi. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka mwaka jana, tulipoletewa jike mmoja nyumbani, na neno moja nisilolijua likataka kumwua mtoto wake.

Tuanze na neno lenyewe. Jikoni pia kuna mbuzi, ile ya kukunia nazi. Sarufi ndiyo inayowatenga: mbuzi huyu amekula, mbuzi hii imevunjika. Ukikosea hapo na mwalimu akukate alama, usilalamike.

Dume asiyehasiwa ni beberu. Ana ndevu, na harufu yake, wallahi, huifikia nyumba ya tatu. Yeye ndiye aliyewapa wakoloni jina la mabeberu. Dume akihasiwa akanenepeshwa ni ndafu, ingawa siku hizi wengi husema ndafu wakikusudia mbuzi mzima aliyebanikwa kwa harusi. Jike ambaye hajazaa ni mbarika, akishazaa, mbuguma. Ukitaka maziwa leo leo, usikubali kuuziwa mbarika!

Jike hubeba mimba siku 150 hivi, yaani miezi mitano. Akikaribia kuzaa, kiwele hujaa. Kiwele ndicho mfuko wa maziwa, na kuyatoa ni kukama. Wengi husema kukamua, lakini nyanya hataki kusikia: ati ndimu ndiyo hukamuliwa, mbuzi hukamwa.

Sasa lile neno. Mbuzi wetu alizaa alfajiri. Nyanya akaniambia, "Angalia usimwage dang'a." Niliona haya kuuliza dang'a ni nini, nami ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili! Nikakama, yakatoka maziwa mazito ya manjano. Nikadhani yameharibika, nikayamwaga mtaroni. Kufika adhuhuri mtoto alikuwa amelala tu, hata kusimama hawezi.

Nyanya alishika kichwa. "Maziwa hayo ndiyo dang'a, mwanangu!" Kumbe ni maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, nayo humpa mtoto nguvu na kinga ya maradhi, ayapate saa zile zile za mwanzo. Bahati, kiwele hakikuwa kimekauka. Tulimshika mtoto kinywa tukamnyonyesha kidogo kidogo mpaka magharibi. Lau si hivyo angekufa kibudu, yaani bila kuchinjwa, na hata kuliwa asingeliwa.

Chakula si shida sana. Twaokota majani ya mboga na maganda ya ndizi Marikiti. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini nailoni bado zaonekana, na mbuzi hachagui. Mtazame akipumzika: akicheua, yaani akirudisha chakula kinywani na kukitafuna tena, ni mzima. Akiacha kucheua, mwite daktari wa mifugo.

Yule mtoto sasa ni mbarika mwenye maringo, hulala barazani kwetu. Makala haya nimeyaandika mara mbili, kwani ya kwanza aliyala yeye.